Hisa za marehemu baba na vita vya kukinunua kiwanda cha rojo la karatasi

SWALI

Maalim, assalaamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba, na ninakuandikia kwa jambo ambalo limetuondolea usingizi nyumbani tangu ulipomalizika mwezi wa Ramadhani. Marehemu baba yetu aliishi Toronto, Canada, kwa zaidi ya miaka 20, akifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, na katika muda huo alikuwa akinunua kidogo kidogo hisa za kampuni moja ya huko inayotengeneza rojo la miti, yaani ule uji mzito wa mbao ambao hukaushwa, hukatwa vipande na kuuzwa kwa viwanda vya karatasi. Aliporejea Pemba uzeeni alizibakisha hisa hizo huko huko kwa dalali wa hisa mwenye leseni. Alipofariki miaka mitatu iliyopita tulifuata taratibu zote za mirathi, lakini hisa zenyewe, ambazo ni 8,000, hatukuzigawa. Tulisema zikae pamoja, kwa kuwa gawio lake, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, lilikuwa dogo na kila mwaka lilikwenda kwenye dawa za mama. Warithi ni wanne: mama, kaka yangu mkubwa, mimi, na ndugu yangu mdogo wa kiume.

Miezi miwili iliyopita kampuni nyingine ya Canada ilitangaza kuwa inataka kuinunua kampuni hiyo kwa dola 4 za Canada kwa kila hisa, wakati bei yake sokoni ilikuwa dola 2.90. Bodi ya wakurugenzi iliwataka wenye hisa waikatae ofa hiyo kwa sababu ni ndogo. Wiki chache baadaye ikatokea kampuni ya pili, kutoka nje ya Canada, ikatoa ofa ya dola 4.60, na bodi ikaiunga mkono. Hata hivyo mwenye hisa mmoja mkubwa, anayeshikilia asilimia 31, alikuwa amekwisha kutia saini mkataba wa kumuuzia mnunuzi wa kwanza. Leo ninapoandika, bei ya sokoni ni dola 4.42.

Kaka anataka tuuze leo kabla ya kesho. Ndugu yangu mdogo, ambaye anafanya kazi Unguja, anasema tukiuza sasa tutajuta, kwa sababu yuko mnunuzi wa tatu anayejipanga na bei itafika dola 6. Ukimwuliza habari hiyo ameipata wapi, anasema wapo watu wanaojua. Kila usiku hutupigia simu na jina jipya: mara ni kampuni ya China, mara ni ya Brazil, mara ni matajiri wa New York. Sasa amefika mahali pa kutaka tukope benki kwa kuweka rehani shamba letu la mikarafuu, ili tununue hisa nyingine kabla hazijapanda. Wiki iliyopita yeye na kaka walitupiana maneno mazito hadi kaka akakata simu, na tangu siku hiyo hawajasemezana.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilipofungua kasha la mama kutafuta hati za hisa, nilikuta chini ya kanga zake daftari la marehemu. Kila alichonunua amekiandika kwa wino wa buluu: tarehe, idadi, bei, na fedha iliyombakia mfukoni siku hiyo. Kwenye ukurasa wa mwisho ameandika: "Hizi ni za Hija ya mama watoto." Mama husoma maandishi ya Kiarabu tu, kwa hiyo ameishi na daftari lile miaka yote bila ya kujua lina nini. Hajaambiwa kuhusu daftari, wala kuhusu ofa, wala kuhusu bei. Kaka anasema tusimtie wahaka mpaka mambo yaishe.

Naomba unisaidie, Maalim. Nani atashinda vita hivi? Tuuze au tungoje? Kukopa ili tununue zaidi kuna busara yoyote? Na je, nimwambie mama?

Binti wa marehemu, Wete

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu, ambaye kwa mshahara wa kiwandani aliweza kuwawekea akiba ya namna hii.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale. Kaka anasema tuuze, mdogo anasema tungoje, wewe unaniuliza mimi, na hakuna aliyeuliza hisa hizi ni za nani. Mnazizungumza kana kwamba ni kitu kimoja chenye wenyewe wanne waliolazimika kukubaliana, ilhali mgao wake umekwisha kuwekwa na Qur'ani. Mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili ya mwanamke. Ikiwa hakuna deni lililobaki, wala wasia, wala mrithi mwingine zaidi ya hao uliowataja, basi hisa 1,000 ni za mama, 2,800 ni za kaka, 2,800 ni za ndugu yako mdogo, na 1,400 ni zako. Mwandikieni dalali, mkiambatanisha hati zenu za mirathi, mumwombe azitenge hisa kwa mafungu hayo, au angalau apokee maagizo ya kuuza kwa kila fungu peke yake. Fanyeni hivyo kabla ya jambo jingine lolote. Kaka akitaka kuuza zake 2,800 auze, na mdogo akitaka kumngoja mnunuzi wake wa tatu amngoje kwa zake 2,800. Naamini sehemu kubwa ya ugomvi wenu itaishia hapo, kwa sababu kila mmoja ataacha kubahatisha kwa mali ya mwenzake.

Sasa nije kwenye vita vyenyewe. Yanayoipata kampuni yenu yanafanana mno na yaliyoipata Fibrek, kampuni iliyokuwa na kiwanda cha rojo huko Saint-Félicien katika jimbo la Québec, kwenye ukanda wa misitu ya baridi ambayo miti yake hukua polepole na kutoa nyuzi ndefu zinazotakiwa kwa karatasi imara. Mwishoni mwa mwaka 2011 kampuni ya Resolute Forest Products ilitoa ofa ya dola 1 ya Canada kwa kila hisa ya Fibrek, na tangu mwanzo ilikuwa imekwisha kufungana kwa mikataba na wenye hisa wakubwa wachache walioshikilia karibu asilimia 46. Bodi ya Fibrek iliikataa ofa, ikatafuta mnunuzi mwingine, na Februari 2012 ikampata mnunuzi wa pili, kampuni ya Mercer International, kwa dola 1.30. Mtu aliyetazama bei peke yake angeapa kuwa 1.30 itaishinda 1, lakini haikuishinda. Wale wakubwa walikuwa wamekwisha kujifunga na hawakuweza kujifungua hata ilipokuja bei nzuri zaidi. Bodi ilijaribu kumpa Mercer haki ya kupata hisa mpya zaidi ya milioni 32 ili uzito wao upungue. Wasimamizi wa masoko ya hisa wa Québec wakalizuia jambo hilo, mahakama moja ikaliruhusu, kisha Mahakama ya Rufaa ikalizuia tena. Mercer akaondoka, na kufikia mwisho wa Julai 2012 Fibrek yote ilikuwa mikononi mwa aliyetoa bei ndogo.

Kisa hicho kina mkia ambao ndugu yako mdogo angeupenda, nami sitakuficha. Baadhi ya wenye hisa walikataa ile dola moja, wakapiga kura ya kupinga na kudai mahakamani walipwe thamani ya haki. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Québec iliamua kuwa thamani hiyo ilikuwa dola 1.99 kwa hisa, pamoja na riba juu yake. Kwa hiyo bodi haikuwa imesema uongo iliposema kwamba ofa ni ndogo, na pengine bodi ya kampuni yenu nayo inasema kweli. Lakini uamuzi huo ulikuja baada ya miaka saba ya mawakili na wakadiriaji, na njia hiyo huwafaa wenye hisa kwa mamilioni. Mama yenu, mwenye hisa 1,000 na hamu ya kuhiji, hana miaka saba ya kuiweka mahakamani.

Huku kwetu mfano upo pia, tena wa juzi. Mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya hapa Tanzania ilitoa ofa ya shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Akaja mshindani, Savannah Clinker, kwa shilingi 70, kisha akapandisha hadi 76.55. Waliokuwa wakihesabu faida ya 76.55 waliamka Desemba wakasikia mshindani amejitoa, na kilichobaki mezani kikawa ile 65. Karatasi ya ofa, hata ikiwa na bei kubwa, haijawa fedha mpaka hisa zichukuliwe na malipo yaingie.

Kwa hiyo swali la nani atashinda linageuka kuwa maswali mawili madogo, na yote mawili yana majibu yaliyoandikwa. La kwanza ni hili: huyo mwenye asilimia 31, mkataba wake unamruhusu kujitoa ikija ofa kubwa zaidi, au haumruhusu? Ipo mikataba ya aina zote mbili, na ile ya Fibrek ilikuwa ya aina isiyofunguka. La pili ni kwamba ofa ya dola 4.60 inapitia mlango gani. Ikiwa imeelekezwa kwa wenye hisa moja kwa moja, kanuni za Canada zilizoanza mwaka 2016 zinataka ibaki wazi kwa siku 105, ingawa bodi inaweza kuruhusu muda mfupi zaidi, na ipate zaidi ya nusu ya hisa zisizokuwa za mnunuzi mwenyewe. Nusu hiyo inaweza kupatikana kutoka katika asilimia 69 zilizobaki. Lakini ikiwa inapitia mkutano wa wenye hisa, kwa kawaida huhitaji theluthi mbili ya kura zitakazopigwa, na hapo mambo ni mazito, kwa sababu si kila mwenye hisa hupiga kura. Zikipigwa kura za chini ya asilimia 93 ya hisa zote, huyo mwenye 31 peke yake anatosha kuizuia. Nyaraka za ofa zote mbili na waraka wa wakurugenzi huwekwa hadharani bila ya malipo kwenye SEDAR+, mtandao wa nyaraka rasmi za kampuni za Canada, na mnaweza kumwomba dalali wenu akuleteeni. Wewe ni mwalimu, unaweza kuzisoma. Soma sehemu ya masharti kabla ya sehemu ya sifa.

Jambo moja likutulize. Chini ya kanuni hizo hizo, ofa iliyopelekwa moja kwa moja ikishapata nusu yake, hubakishwa wazi kwa siku nyingine 10, ili waliokuwa wakisita wapate nafasi ya kuingia. Hakuna sababu ya kutia saini usiku wa manane kwa hofu ya kuachwa.

Tuuze au tungoje? Chukua karatasi, tuhesabu kwa hisa 1,000 za mama. Zikiuzwa leo sokoni kwa 4.42, ni dola 4,420 kabla ya ada ya dalali. Akingoja na ofa ya 4.60 ikatimia, anaongeza dola 180. Ikianguka na kubaki ile ya dola 4, anapoteza 420. Zikianguka zote mbili na bei ikarudi 2.90, anapoteza 1,520. Hizo 180 ndizo anazozifuata, na hizo nyingine ndizo anazoziweka hatarini. Tena iangalie bei yenyewe ya 4.42: iko juu ya ofa ya kwanza na chini ya ya pili. Wanunuzi na wauzaji wanaoshinda sokoni kutwa wangekuwa na uhakika kwamba 4.60 italipwa, wangeinunua hadi ikaribie 4.60. Na wangekuwa wanamtarajia mtu wa tatu kwa dola 6, bei ingekuwa imekwisha kuipita 4.60. Mwambie ndugu yako alipime hilo kwa utulivu. Anachokisikia yeye Unguja usiku, wao wamekwisha kukisikia.

Kwa mtazamo wangu, mwenye shughuli maalumu ya fedha hiyo na asiye na pa kuifidia auze sasa, na anayeweza kuvumilia hasara bila ya nyumba yake kutikisika anaweza kungoja hadi masharti yajulikane. Wewe mwenye 1,400 unaweza kuuza nusu na kuacha nusu. Si aibu kugawa njia wakati hakuna mwenye yakini.

Kuhusu majina mapya ya kila usiku sitaki kurefusha, kwa kuwa uvumi katika biashara hii una gharama inayojulikana. Mei 2024 ziliandikwa habari kwamba Suzano ya Brazil, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa rojo duniani, inataka kuinunua International Paper ya Marekani, na bei ya hisa za International Paper ikapanda. Mwishoni mwa Juni Suzano ikatangaza kuwa imeacha, na bei ikaanguka mara moja. Hao walikuwa ni kampuni halisi zilizotajwa na vyombo vya habari vikubwa, wala si mtu asiyejulikana anayenong'onezwa kwenye simu. Na ikiwa siku moja hao "wanaojua" watakuwa kweli ni watu wa ndani ya kampuni wenye siri ambayo haijatangazwa, basi kununua kwa siri hiyo ni kosa la jinai Canada.

Shamba la mikarafuu lisiguswe. Nalisema hili bila ya kupindapinda. Kwanza, kama hamkuligawa, lina thumni ya mama ndani yake, na hakuna mtoto mwenye haki ya kuliweka rehani bila ya yeye kujua na kuridhia. Pili, mkopo una tarehe yake ya kulipwa, nayo haitangoji mahakama za Canada zimalize kuamua. Tatu, watu wa Pemba tunaijua vizuri bidhaa ambayo bei yake inaamuliwa mbali. Bei ya karafuu duniani huenda na mavuno ya Indonesia na sigara zao za kreteki, zinazochanganywa na karafuu. Bei ya rojo huenda na viwanda vya karatasi vya China vinavyotaka au kutotaka kununua. Mkikopa kwa shamba la karafuu ili mnunue rojo, mnafunga bidhaa mbili zenye kupanda na kushuka kwenye deni moja, na mvua mbaya msimu wa kuchuma inaweza kukutana na bei mbaya ya rojo. Umeniuliza busara tu, lakini najua ndani ya nyumba yenu litaulizwa pia suala la riba na la kamari. Kumiliki sehemu ya kiwanda kinachotengeneza karatasi ni ushirika wa mali. Kukopa kwa riba ili kukisia jina la mnunuzi ni jambo jingine, na kabla ya kulifikiria tena ndugu yako aende akalieleze Ofisi ya Mufti kama lilivyo.

Nimebakisha daftari. Maandishi yale si wasia wenye nguvu ya sheria, kwa sababu wasia kwa mrithi hausimami ila warithi wenzake waridhie. Lakini kuridhia ni jambo mnaloliweza nyinyi watatu. Ulizieni gharama ya safari kwa taasisi za Hija, mkaone kama fungu la mama peke yake linatosha. Kama halitoshi, muonyeshe kaka na mdogo ukurasa ule, wauone kwa macho yao mwandiko wa buluu wa baba yao na hesabu ya fedha iliyokuwa ikimbakia mfukoni, kisha uwaulize kila mmoja atatoa hisa ngapi katika 2,800 zake. Nadhani hilo litawarudisha kwenye simu moja upesi kuliko suluhu yoyote ya mtu wa nje.

Na ndiyo, mwambie mama, tena usingoje. Kaka anamficha kwa mapenzi, lakini hisa 1,000 ni mali yake, na mtu mzima mwenye akili zake hafichwi bei ya mali yake. Kaa naye baada ya swala ya Alasiri, wakati nyumba imetulia, umsomee ukurasa wa mwisho kama ulivyoandikwa. Kisha mweleze kwa shilingi, kwa bei ya fedha za kigeni ya siku hiyo, kwamba leo hisa zake zina thamani hii, zinaweza kuongezeka kiasi hiki na kupungua kiasi kile, na kwamba zikiuzwa lile gawio la dawa nalo litakoma, kwa hiyo wanawe watalazimika kuzibeba dawa hizo wenyewe. Halafu nyamaza umsikilize. Akisema ziuzwe, agizo la fungu lake liende kwa dalali kesho yake asubuhi, hata kama wanawe wa kiume bado hawajapatana. Akitaka kungoja, ni haki yake pia. Mwandikie tarehe ya mwisho ya kila ofa kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari lile lile, chini ya mwandiko wa marehemu, ili aweze kuisoma mwenyewe.